Barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu ya msingi Tanga: tunaomba vitabu vitoke stoo

Tanga,
Jumanne, 12 Mei 2020

Kwa waheshimiwa mnaosimamia elimu ya msingi hapa kwetu,

YAH: WATOTO KUKAA WIKI NANE NYUMBANI BILA KITABU WALA KAZI YA SHULE

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamooni wakubwa zangu. Kwa mnaofunga, namwomba Mungu azipokee funga zenu katika kumi hili la maghufira.

Mimi ni mama wa watoto watatu na ni fundi cherehani. Wanangu wote wanasoma shule moja ya msingi ya serikali hapa mjini. Binti yangu mkubwa yuko darasa la saba, wa pili ni wa kiume, yuko la nne, na kitinda mimba wangu ameanza la kwanza Januari hii. Cherehani yangu iko barazani. Tangu Machi kazi kubwa ninayoletewa ni barakoa za kitambaa, kwa hiyo kutwa niko pale nje, miguu kwenye pedeli na macho kwa watoto. Mengi ninayoyaandika hapa nimeyaona kutoka kwenye kiti hicho.

Sikukimbilia kuandika hadharani. Wiki mbili baada ya shule kufungwa nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba aniazime kitabu cha Sayansi cha darasa la saba na kitabu cha kusoma cha la kwanza. Alinipokea vizuri, akanionyesha hata ufunguo wa stoo, akaniambia, "Mama, ningekuwa na ruhusa ungetoka navyo sasa hivi. Sina." Aprili, muda wa kufungwa ulipoongezwa, niliandika barua kwa ofisi inayosimamia elimu kwenye kata yetu. Sikujibiwa. Tarehe 4 Mei nikapanda daladala nikaenda ofisi iliyo juu yake. Barua yangu ilipokelewa masijala, ikagongwa mhuri, nikaambiwa nirudi nyumbani, nitapigiwa simu. Nilipouliza nisubiri mpaka lini, kijana wa masijala aliniambia kwa upole kwamba barua za namna hii zimeshakuja nyingine na zote zimo kwenye faili moja. Basi nikajua siko peke yangu. Na kwa kuwa faili lile halifunguliwi, nimeona niseme mbele za watu.

Sipingi shule kufungwa. Naikumbuka ile Jumanne ya tarehe 17 Machi. Jana yake alikuwa ametangazwa mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, kule Arusha, na siku hiyo Waziri Mkuu akatangaza kwamba shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, zifungwe kwa siku 30. Nilishukuru kwamba serikali imewahi. Madarasa ya wanetu tunayajua, watoto wanabanana dawati moja hata wa pembeni anakalia nusu. Mafua ya mmoja huwa ya darasa zima ndani ya wiki. Katikati ya Aprili tukaambiwa shule zitaendelea kufungwa, na hilo nalo nililipokea. Ninalolilalamikia ni hili: siku milango ya madarasa ilipofungwa, masomo nayo yalifungiwa mlemle ndani, na mpaka leo zinatimia wiki nane hakuna aliyerudi kuyatoa.

Naomba niyaeleze yanayonisumbua moja baada ya jingine.

1. Vitabu viko stoo, watoto wako mitaani

Hili ndilo kubwa, na ningekuwa na nafasi ya kuomba jambo moja tu ningeomba hili.

Tangu Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, shule za msingi za serikali hazitozi ada wala michango ya lazima. Serikali hutenga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu ya fedha hiyo ni ya vitabu. Ni jambo ambalo sisi wenye vipato vya kudunduliza tunalishukuru kila Januari. Lakini maana yake pia ni kwamba vile vitabu vilivyopangwa stoo vimenunuliwa kwa jina la watoto hawahawa. Mtoto wangu amehesabiwa, fedha imetoka, kitabu kimekuja. Sasa kiko gizani, na yeye yuko mtaani anazungusha tairi.

Binti yangu ana daftari lake la Sayansi. Siku ya mwisho mwalimu alikuwa anawaandikisha mambo ya umeme. Ukurasa wa mwisho una mchoro wa betri na balbu, umechorwa kwa rula vizuri kabisa, na chini yake ameandika: "Saketi sambamba ni". Imeishia hapo. Kengele iligongwa, wakaambiwa kesho watamalizia. Kesho yake hakukuwa na shule. Amelirudia daftari lile mpaka pembe zimejikunja kama majani makavu, na kila akifika pale ananiuliza mimi, "Mama, saketi sambamba ni nini?" Mimi niliishia kidato cha pili. Nilimpeleka kwa fundi redio wa mtaa wa pili akamweleza kwa kumwonyesha nyaya, Mungu ambariki kijana yule. Lakini mtaa mzima hauna mafundi redio wa kutosha watoto wote wa darasa la saba, na kitabu chenye jibu kiko mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, ndani ya kufuli.

Ukienda kununua dukani, vitabu vya kiada vya serikali havipo, na haviwezi kuwepo, kwa sababu vimeandikwa wazi kwamba ni mali ya serikali na haviuzwi. Kwa hiyo hata mzazi mwenye fedha yake mkononi hana pa kwenda.

2. Wa darasa la kwanza wanasahau kusoma

Watoto wakubwa wakikaa bila shule wanabaki pale walipofika. Hawa wadogo wanarudi nyuma, na wanarudi haraka.

Kitinda mimba wangu alianza Januari hajui hata irabu. Mwalimu wake ni mama mmoja mvumilivu sana, na kufikia Machi mwanangu alikuwa ananisomea "kaka ana kuku" kwa kidole, silabi kwa silabi, huku anatabasamu. Mwishoni mwa Aprili nilimwandikia maneno yaleyale. Akanitazama mdomo. Anasubiri nianze mimi ili adakie. Nilipofunga mdomo akasema "kaka ana baiskeli", kwa sababu kaka yake alikuwa anapita na baiskeli. Niliacha kushona siku hiyo.

Nikaanza kumfundisha mwenyewe. Vipande vya kitambaa vinavyobaki kwenye barakoa nimevikata mraba mraba, kila kimoja nimekiandika silabi kwa chaki ya kupimia nguo, tunavitandaza kwenye mkeka. Ba, be, bi, bo, bu. Akikosea tunafuta kwa mkono tunaandika tena. Hesabu tunafanya kwa mdako: anarusha kete, anadaka, anahesabu zilizobaki chini. Futi yangu ya kupimia anaijua mpaka 60, na sasa anapima kila kitu, mlango, mbuzi wa jirani, mguu wa bibi yake. Kwa hilo nafurahi.

Lakini mimi si mwalimu. Nilimrukisha nikampeleka kwenye "mba" na "nda" mapema, nikidhani ndiyo kuendelea. Juzi nikakutana na mwalimu mmoja mstaafu Soko la Mgandini, tukisimama mbalimbali na barakoa zetu, akaniambia nimemvurugia mtoto, nirudi kwanza kwenye silabi nyepesi mpaka zikae. Maneno ya dakika tano. Ningeyapata Machi, kwenye karatasi moja tu iliyoandikwa kwa mzazi, mwanangu asingepoteza wiki tatu. Taifa limeweka nguvu kubwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa madarasa haya ya chini. Nguvu hiyo inavuja sasa, kila siku, kwenye kila nyumba yenye mtoto wa la kwanza na la pili, na kuiziba ni karatasi.

3. Masomo ya kwenye TV na simu hayatufikii

Najua kuna vipindi vya masomo vinavyorushwa kwenye TV. Najua vitabu vya Taasisi ya Elimu vimewekwa mtandaoni na kusoma ni bure. Ni kazi nzuri na waliofanya wamefikiria. Ila ukija barazani kwangu utaona inakomea wapi.

Kwenye safu yetu tuko nyumba kumi na moja. TV zipo nyumba nne, na moja king'amuzi chake hakijalipiwa tangu kabla ya shule kufungwa. Kipindi kikianza, watoto wa nyumba nane wanakimbilia nyumba tatu. Wanajazana sebuleni, wengine dirishani, bega kwa bega, anayekohoa anakohoa. Tumewatoa darasani ili wasibanane, halafu tunawabananisha kwenye chumba kidogo kuliko darasa. Mwenye nyumba mmoja ameanza kufunga mlango, na siwezi kumlaumu.

Simu ni hivyohivyo. Darasa la binti yangu lina kundi la WhatsApp alilolianzisha mwalimu kwa moyo wake na bando lake. Wazazi waliomo ni wachache. Mimi ninayo kitochi. Jirani yangu anayo simu ya kisasa moja, ni ya baba wa watoto, na inakwenda naye baharini usiku na kurudi asubuhi haina chaji. Watoto wa shule za kulipia wanatumiwa kazi kila wiki, wanazijibu, zinasahihishwa. Sina kinyongo nao, ni watoto wetu pia. Ila Septemba wote watakaa kwenye mtihani mmoja.

Redio ndiyo ipo kila nyumba. Hata kitochi changu kina redio. Na redio si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Vipindi vilirushwa redioni kwa wiki 12, na watu wazima wapatao milioni 2 wakavisikiliza katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake. Wakishasikiliza wanajadiliana, halafu wanatoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Babu yangu mzaa mama aliongoza kikundi kimoja upande wa Muheza. Kijitabu chake alikiweka kwenye kasha pamoja na hati ya shamba, na hakumruhusu mtu kukichana hata ukurasa mmoja. Alikuwa mkulima aliyejifunza kusoma ukubwani. Kama nchi iliweza kumfundisha yeye kwa redio na kijitabu, miaka 47 iliyopita, na vituo vya redio havikuwa vingi kama leo, inakuwaje mwanangu akose?

Wenzetu wa Sierra Leone nao walipita njia hii juzi tu. Ebola ilifunga shule zao katikati ya 2014 na hazikufunguliwa mpaka Aprili 2015. Serikali yao ilipeleka masomo redioni. Hapa kwetu vituo vya redio tunavyo hapahapa mjini, na watangazaji wake wanatujua mpaka majina ya mitaa.

4. Kuna watoto ambao hawatarudi

Kila kukicha naona wavulana wa rika la mwanangu wa pili wakishuka soko la samaki la Deep Sea alfajiri na visu. Wanaparua samaki, wanalipwa hela ndogo na vibua viwili vitatu vya kupeleka nyumbani. Mwanangu alikwenda siku mbili kabla sijajua. Aliniletea shilingi elfu moja na mia tano, akaniwekea juu ya cherehani kwa fahari. Nilishindwa kumgombeza. Mtoto wa miaka kumi akishajua kwamba mikono yake inaleta unga nyumbani, wakati kichwa chake hakijaulizwa swali hata moja na mtu yeyote kwa miezi miwili, siku kengele ikigongwa ataona shule inampotezea muda. Nimekaa naye, nimemwambia. Lakini sina cha kumpa mahali pa ile kazi. Kazi ya shule ndiyo ilipaswa kuwa pale.

Na mabinti. Hapa nitasema kwa heshima lakini nitasema. Binti wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, amekaa nyumbani kutwa, mama yuko sokoni, baba yuko kazini, hakuna mwalimu anayeuliza yuko wapi. Kila mzazi wa Tanga anajua yanayoweza kutokea. Kule Sierra Leone shule zilipofunguliwa, wasichana waliokuwa wameshika ujauzito walizuiwa kurudi, na marufuku hiyo imeondolewa Machi mwaka huu tu. Kwetu, kwa utaratibu uliopo mwaka huu wa 2020, mwanafunzi wa shule ya serikali akipata ujauzito harudi darasani. Kwa hiyo kila wiki inayopita bila mwalimu kumwona binti huyu ni wiki ambayo tunaweza kumpoteza moja kwa moja. Mwalimu anayepita mlangoni mara moja kwa wiki kuuliza "Daftari liko wapi?" anamlinda binti kuliko tangazo lolote.

5. Darasa la saba

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa kawaida hufanyika Septemba. Hatujaambiwa kama utasogezwa, wala kama mada zitapunguzwa. Binti yangu anahesabu miezi kwa vidole.

Majibu ambayo nimeshayasikia

Nimeambiwa kwanza kwamba agizo la kufunga ni la taifa, ofisi za huku hazina la kufanya. Kufunga ni agizo la taifa, kweli. Lakini sijasikia agizo lolote, redioni wala gazetini, linalokataza mtoto kuazimwa kitabu. Mwalimu mkuu anasubiri ruhusa yenu. Ninyi, kama mnasubiri ya mtu mwingine, basi iombeni, na mtuambie mmeiomba lini.

Nimeambiwa vitabu vitapotea na kuchanika. Vingine vitachanika, sibishi, nina watoto watatu najua mkono wa mtoto. Lakini masika haya Tanga imenyesha usiku na mchana, na stoo za shule zetu tunazijua mabati yake. Kitabu kilicho kwenye boksi chini ya bati linalovuja kinaoza bila kusomwa, na panya hawaweki saini. Mzazi ataweka saini. Andikeni kwenye daftari jina, namba ya kitabu, namba ya simu. Atakayepoteza tutalipa kidogokidogo, na wengi wetu tungelipa bila kulalamika.

Nimeambiwa vitabu vinaweza kubeba virusi kutoka nyumba hadi nyumba. Hofu hiyo ina haki yake, nami nashona barakoa kwa sababu ya hofu hiyohiyo. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwezi Machi ulionyesha kwamba virusi hawa hawakupatikana wakiwa hai kwenye karatasi ngumu ya boksi baada ya saa 24, na kwenye plastiki walionekana hadi saa 72. Kitabu kikirudishwa kiwekwe kando siku nne, kisha apewe mwingine. Watu wananawa, wanakuja kwa zamu, darasa moja kwa siku. Tunapanga foleni ya sukari kwa utaratibu, hatuwezi kushindwa foleni ya vitabu.

Nimeambiwa walimu hawawezi kulazimishwa kutembea mitaani kipindi hiki. Sitaki alazimishwe mgonjwa wala mzee. Walimu ninaowajua mimi wako nyumbani wanaumia. Mmoja aliniuliza juzi kama mwanangu bado anaandika herufi "s" kinyume. Wapeni ruhusa na vocha ya simu, muone.

Na jibu ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko yote: shule zitafunguliwa karibuni, tusubiri. Tuliambiwa siku 30. Tumesubiri. Hata zikifunguliwa wiki ijayo, kitabu alichosoma mtoto wiki hii hakitakuwa kimemdhuru.

Ninachoomba

Kwanza, ruhusa ya maandishi kwa walimu wakuu wote wa shule za msingi za serikali hapa Tanga waazimishe vitabu vya kiada kwa wanafunzi wao, kuanzia darasa la saba, la nne, la kwanza na la pili, halafu wengine. Vikiwa pungufu, watoto wa nyumba jirani wagawane kitabu kimoja, huyu asubuhi, huyu jioni.

Pili, karatasi moja kwa wiki kwa kila darasa. Ibandikwe ofisi za serikali za mitaa, misikitini, makanisani, sokoni. Mtoto atanakili kwenye daftari lake. Ya darasa la kwanza na la pili iandikwe kwa ajili ya mzazi: wiki hii fundisha silabi hizi, usivuke hapa. Hapo hata bibi anaweza kushika.

Tatu, mzungumze na vituo vya redio vya hapa mjini watupe nusu saa kila siku. Nimeongea na mtangazaji mmoja, akaniambia wakiletewa mwalimu, nafasi ipo. Saa nne asubuhi inafaa kwa wadogo. Kwa wakubwa, kwa mwezi huu, usiku baada ya tarawehe.

Nne, kila mwalimu apewe orodha ya wanafunzi wake wanaokaa karibu naye, awapigie au awapitie mara moja kwa wiki akiwa na barakoa, asimame mlangoni. Akikuta mtoto hayupo, amehamishwa, au anafanya kazi, aandike. Kwa mabinti wa darasa la sita na la saba hili lianze mara moja.

Tano, shule zitakapofunguliwa, walimu wasianze pale ambapo ratiba inasema wangekuwa wamefika. Waanze pale watoto walipo. Wiki za mwanzo za darasa la kwanza ziwe za kurudia.

Kuna mzee mmoja atauliza fedha zitatoka wapi. Vitabu vimeshanunuliwa, walimu mishahara yao inatoka, mbao za matangazo zipo. Inabaki karatasi, wino na vocha. Wazazi tuko tayari kuchangia rimu, kwa hiari, mtu na uwezo wake.

Na mimi sitaki kuja mikono mitupu. Kwa mabaki ya vitambaa vya barakoa nimeanza kushona mifuko ya kubebea vitabu, yenye kamba ya kuning'iniza ukutani ili kitabu kisikae chini kwenye maji. Hadi jana usiku nimemaliza 34, ya bluu, ya kijani, na mingine ya kanga ambayo maneno yake yamekatika katikati. Inatosha kwa kuanzia, kwa darasa la kwanza la shule yetu. Mafundi wenzangu wawili wamesema watanisaidia tukipata jibu.

Jumatatu, tarehe 18 Mei, saa mbili asubuhi, nitakuwa langoni kwa shule na mifuko hiyo, na ndoo ya maji na sabuni ya kunawa. Nitakuja peke yangu ili tusijazane. Naomba mmoja wenu aje na ruhusa. Ufunguo mwalimu mkuu anao.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa watoto watatu, fundi cherehani,
Tanga